UZI: Rodi ya pampu ya bunduki ya maji imekatika shingoni, supaglu haishiki. Dawa yake nini?

#1 – Kibuyu77

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina bunduki ya maji ya watoto, ile ya kupampu kwa mkono wa mbele kisha unabonyeza triga. Chupa ya maji iko juu, na ndani kuna chemba ndogo ya kuhifadhia presha. Rodi ya pampu imekatika palepale inapoungana na kichwa cha pistoni, nyuma tu ya mfereji wa oringi (ile pete ya mpira inayozuia maji). Ukivuta mkono rodi inatoka peke yake, pistoni inabaki ndani ya silinda.

Vipimo kwa vernia: rodi ni ya duara, si tupu ndani, kipenyo mm 9. Kichwa cha pistoni kipenyo mm 20, unene mm 12. Rodi inasafiri kama sm 10. Chemba ya presha inachukua karibu mililita 500.

Imeshagandishwa kwa supaglu mara mbili. Mara zote inakatika palepale baada ya kupampu mara kumi hivi. Duka halina spea ya kipande hiki. Gundi ipi inafaa?

#2 – FundiTupa

Mkuu, swali la gundi liache kwanza. Hujasema plastiki yenyewe ni ya aina gani, na gundi inayoshika plastiki moja inateleza kwenye nyingine kama maji kwenye jani la mgomba. Chonga vipande viwili vidogo, ukubwa wa punje ya mchele, kutoka sehemu isiyo na kazi, kisha fanya hivi:

Kimoja kitie kwenye glasi ya maji ya kawaida yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Sabuni ni muhimu, bila hiyo viputo vya hewa vinaweza kuking'ang'ania na kukielesha hata kama ni kizito. Kikielea, hiyo ni polipropilini au polithini, na gundi zote za dukani zisahau.

Kikizama, kihamishie kwenye maji ya chumvi iliyokolea. Koroga gramu 36 hivi za chumvi kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu mpaka chumvi ikatae kuyeyuka. Kikielea humo, huenda ni ABS, plastiki ngumu kama ya tofali za Lego. Kikizama hata humo, una PVC ngumu au asetali, ile plastiki inayoteleza mkononi kama sabuni kavu na hutumika sana kutengenezea gia za vitu vya kuchezea.

Kipande cha pili kidondoshee asetoni. ABS inalainika na kunata ndani ya dakika moja. Asetali na polipropilini hazitikisiki. Asetoni inapatikana maduka ya rangi za magari. Ile dawa ya kutoa rangi ya kucha inafaa kama chupa imeandikwa asetoni na haina mafuta ya kulainisha kucha.

Lete majibu, tutaongea vizuri.

#3 – Kibuyu77

Maji ya kawaida: kimezama. Maji ya chumvi: kimeelea. Asetoni: kimenata kwenye kidole. Rangi ni nyeupe ya maziwa, na mahali palipokatika pamepauka.

#4 – FundiTupa

Hiyo ni ABS, nawe una bahati maana ndiyo plastiki rahisi kuunga. Hata hivyo gundi peke yake haitakusaidia, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini inakatika baada ya mara kumi na si mara tatu.

Silinda ya mm 20 ina eneo la karibu mm 314 za mraba. Kwa mwendo wa sm 10, kila pampu inasukuma karibu mililita 31 za maji kwenye chemba. Maji hayabanwi, kinachobanwa ni hewa iliyomo. Pampu 8 zinaingiza kama mililita 250, hewa inabaki nusu ya nafasi yake, na presha inapanda bar 1 juu ya ile ya kawaida. Nguvu inayorudi kwenye pistoni ni kama kilo 3 tu. Endelea mpaka pampu 12: maji yamefika mililita 375, hewa imebaki robo ya nafasi, presha imefika bar 3 hivi, na pistoni inarudishiwa karibu kilo 10. Pampu nne za mwisho zimeuzidisha mzigo mara tatu. Ndiyo maana kiungo chako kinavumilia mwanzoni kisha kinaachia ghafla.

Kilo 10 za kusukuma moja kwa moja shingo ingezibeba. Tatizo ni kwamba mtoto hasukumi kwa unyoofu, anasukuma huku anapinda, na shingo ina kona kali ya digrii 90 kati ya rodi nyembamba na kichwa kipana. Nguvu yote ya kupinda inakusanyika kwenye kona hiyo. Kule kupauka ulikokuona ni ABS iliyovutwa mpaka ikachoka kabla ya kukatika. Supaglu ikikauka inakuwa kavu kama kioo, haina mnyumbuliko, na kukaa majini kunazidi kuidhoofisha. Kwa hiyo unahitaji chuma ndani cha kubeba kupinda, na shingo isiyo na kona kali.

Kazi yenyewe. Ukate spoku ya baiskeli ya mm 2, upande wenye nyuzi. Tafuta ya stenlesi, ile ya kawaida itashika kutu na kutu inavimba. Uwe na biti za mm 2 na mm 2.2, epoksi ya mirija miwili ya kukauka taratibu (Araldite ya kawaida inafaa), msasa namba 120, asetoni, na vumbi au vipande vya ABS.

Anza kwa kukwangua supaglu yote ya zamani kwa wembe. Usiifute kwa asetoni, maana asetoni itayeyusha sura ya mpasuko kabla haijamaliza gundi, na ile sura unaihitaji ikusaidie kupanga vipande.

Toboa rodi kwanza, katikati kabisa, kwa biti ya mm 2.2, kina mm 15. Tumia mkono au drili ya mwendo wa polepole sana, ukitoa biti kila mm 2 au 3 kuondoa vumbi. ABS ikipata joto inayeyuka na kuikamata biti, na hapo ndipo rodi hupasuka kwa urefu.

Sasa namna ya kupata katikati ya upande wa pili. Chomeka kwenye tundu kipande cha waya kilichochongoka, kichungulie nje mm 1 tu. Rudisha kichwa cha pistoni mahali pake kwa kufuata mpasuko, kisha kibonyeze. Ncha itaacha alama, na hapo ndipo pa kutoboa. Kwenye kichwa tumia biti ya mm 2, kina mm 8, usizidishe. Kichwa chako kina mm 12, ukitoboka upande wa pili maji yatapita katikati ya pistoni na pampu haitavuta tena.

Kata spoku urefu wa mm 22. Upande wenye nyuzi uzungushe kwa plaizi ndani ya kichwa mpaka ufike mwisho. Nyuzi za spoku ni nene kidogo kuliko mm 2, kwa hiyo zitajichimbia zenyewe kwenye ABS na kukamata bila gundi. Upande laini ukwaruze kwa tupa, na upige tupa ubavuni kupata ubapa mwembamba wa urefu wote. Ubapa huo ni njia ya hewa. Bila huo, hewa iliyonaswa chini ya tundu itakisukuma kichwa nje polepole wakati wewe umeshaenda kulala.

Changanya epoksi sawa kwa sawa, dakika mbili nzima za kukoroga. Ingiza kwenye tundu la rodi kwa kijiti cha meno, paka pia nyuso zote mbili za mpasuko, kisha unganisha. Oringi iwe imetolewa.

Kuinyoosha, tumia silinda yake yenyewe kama kalibu. Zungushia kiungo tabaka moja la nailoni laini (epoksi haishiki polithini), kiingize ndani ya silinda pamoja na kifuniko chake kinachoongoza rodi, acha saa 24. Kikikaukia mezani kitapinda hata digrii mbili, na digrii mbili zinatosha oringi kuliwa upande mmoja.

#5 – Karakana_Msa

Maelezo mazuri fundi, lakini spoku moto ni haraka zaidi. Unaishika na koleo, unaiweka kwenye moto, unaidunga ndani ya plastiki, ikipoa imeshika. Mafundi wa ndoo na mabeseni hufanya hivyo kila siku.

Jambo la pili: pale nyuma ya kichwa kuna nafasi, rodi ni mm 9 na silinda ni mm 20. Mbona asivalishe bomba la chuma juu ya kiungo? Antena kuukuu ya redio, ile ya kuvuta, ina mabomba ya shaba ya vipenyo tofauti. Atapima mpaka apate linaloingia.

#6 – FundiTupa

Ndugu, kwa ndoo uko sahihi, maana ndoo ni polipropilini au polithini, gundi haishiki, na joto ndilo tegemeo. Kwa ABS ya mm 9 sikubaliani. Spoku ya moto wa jiko haina kipimo. Inaunguza plastiki inayoizunguka, tundu linakuwa pana kuliko spoku, na ganda lililoungua halina nguvu. Baya zaidi, kichwa cha mm 12 kikipata joto, mfereji wa oringi unavimba kidogo. Mfereji ukiharibika, pistoni nzima imekwisha kazi. Halafu moshi wa ABS unawasha macho na koo, usiufanyie jikoni.

Bomba la antena ni wazo zuri sana, ila antena nyingi ni nyembamba kuliko mm 9, atafute ile sehemu ya chini kabisa ya redio kubwa. Nalo liwe fupi: likiwa refu litagonga kifuniko cha silinda rodi inapovutwa nje hadi mwisho. Apime kwanza nafasi iliyobaki kati ya kichwa na kifuniko pampu ikiwa imevutwa kabisa. Kwa bunduki zenye rodi ya msalaba, yaani ukiikata inaonekana kama alama ya kujumlisha, bomba ndiyo njia bora kuliko zote, kwa kuwa hakuna nyama ya kutosha katikati kutoboa. Unavalisha bomba na kujaza zile pembe nne kwa epoksi.

#7 – kemia_ya_jikoni

Naomba niongeze ile sehemu ya kuondoa kona kali, maana FundiTupa aliitaja halafu hakuirudia, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama kiungo kitadumu.

Baada ya epoksi kukaa saa 24, tengeneza uji wa ABS. Kwangua ABS iwe kama vumbi la mbao. Tofali la Lego lililovunjika linafaa, kwa kuwa tangu 1963 hutengenezwa kwa ABS. Hata ganda la kibodi ya kompyuta mara nyingi ni ABS, ligeuze utafute herufi zilizochongwa ndani. Weka sehemu moja ya vumbi kwa sehemu nne za asetoni kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, acha usiku mzima. Usitumie kikombe cha plastiki cha kunywea chai, kitayeyuka mezani. Unataka uzito wa asali. Ukiwa mwepesi kama maziwa, acha wazi kidogo asetoni ipungue.

Paka uji huo kuzunguka shingo kwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, kwa nusu saa kila moja, mpaka kona iwe na mteremko wa duara wa kama mm 2. Kabla ya hapo zungushia mfereji wa oringi utepe, tone moja la uji likiingia humo litaganda kuwa sehemu ya pistoni.

Halafu subiri saa 48. Wengi wanaharibu hapa. Uji unakauka juu kwa dakika kumi, lakini asetoni iliyo ndani bado inatoka taratibu, na ABS yenye asetoni ndani ni laini kama jibini. Ukiupa kilo 10 siku hiyohiyo utajikunja. Na usiupake mnene kwa mara moja, unasinyaa na kuacha vitundu.

Asetoni inashika moto upesi mno, mvuke wake unatambaa chini. Hakuna jiko la mkaa, hakuna sigara, hakuna mtoto karibu.

#8 – Mvuvi_wa_Pwani

Swali la jirani. Kwenye bunduki nyingine iliyovunjika ni kile kipini kinachochomoza kwenye triga, kinachovuta valvu. Kipenyo mm 4, urefu mm 6. Kimezama kwenye maji ya chumvi, asetoni haikifanyi kitu, na kinateleza sana. Epoksi imebanduka nzima kama ganda la yai.

#9 – FundiTupa

Asetali. Epoksi kubanduka nzima ndiyo saini yake. Usipoteze gundi nyingine.

Pasawazishe palipokatika kwa tupa. Toboa mm 3 kupitia triga yote, pitisha skrubu ya M3 ya stenlesi yenye kichwa bapa cha kuzama, kaza nati upande wa pili kwa wastani. Nyuzi za skrubu usiziache ziguse kipande cha valvu moja kwa moja, zitakikata kama msumeno. Zivalishe mrija wa plastiki wa ndani mm 3, nje mm 4, na hapo umerudisha kipenyo cha kwanza. Angalia nati haigusi ganda triga inapobonyezwa. Ikigusa, ikate kwa tupa ibaki nusu ya unene.

Kama triga ina unene chini ya mm 5 pale pa kutobolea, usilazimishe. Chonga triga mpya.

#10 – nyuzi_tatu

Wenye printa ya 3D, au mnaompelekea mtu mwenye nayo: kama mnachapa rodi mpya, mwambieni ailaze. Ikichapwa ikiwa imesimama, matabaka yanakaa kama sarafu zilizopangwa, na shingo itakatika kati ya sarafu mbili kwa kilo chache. Ikilazwa, nyuzi zinakwenda kwa urefu wa rodi. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, inalainika karibu na nyuzi joto 60, na ndani ya gari lililofungwa juani joto linasogelea hapo. PETG, plastiki nyingine ya printa, ni salama zaidi. Mfereji wa oringi usiutegemee kutoka kwenye printa, una mistari ya matabaka na maji yatapita. Chapa rodi peke yake, kichwa cha zamani kiungwe kwa spoku kama ilivyoelezwa juu.

#11 – kemia_ya_jikoni

Kitu ambacho hakijatajwa: chanzo cha kukatika mara nyingi ni oringi kavu. Oringi kavu inasugua, mtoto anaongeza nguvu na anapinda mkono. Kabla ya kufunga, safisha oringi kwa maji ya sabuni, ikague kama imepasuka au imekuwa bapa upande mmoja, kisha ipake grisi ya silikoni kiasi cha punje ya harage kwa oringi nzima. Vaselini iacheni. Oringi za vitu vya kuchezea hazijulikani ni mpira gani, na aina kadhaa za mpira zinavimba zikikaa na mafuta ya petroli. Ikivimba itakwama, na shingo itakatika tena.

Oringi mpya inunuliwe kwa vipimo viwili, kipenyo cha ndani na unene wa uzi wake. Fundi bomba au duka la spea za pikipiki wana makopo yake.

#12 – Kibuyu77

Asanteni sana wakuu. Kiungo kimekamilika, epoksi saa 24, uji wa ABS tabaka tano, saa 48. Rodi imenyooka na imeshika. Sasa kuna jambo jipya: nikisukuma mkono mbele kisha nikauachia, unarudi nyuma wenyewe polepole. Je, ni kiungo?

#13 – FundiTupa

Hapana, kiungo kiko sawa. Pampu ina valvu mbili za njia moja. Ya kwanza inaruhusu maji kutoka chupani kuingia kwenye silinda, ya pili inaruhusu maji kutoka kwenye silinda kwenda chembani. Mkono ukirudi wenyewe, maji yenye presha yanarejea kupitia ile ya pili. Ingekuwa ya kwanza, pampu ingesukuma bila ukinzani na ungeona viputo chupani.

Karibu kila mara ni uchafu, na ukizingatia kazi uliyofanya ni vumbi la ABS la kutoboa. Fungua, pitisha maji safi kwa bomba la sindano kufuata mwelekeo wa valvu, kisha kwa kinyume. Kijigozi cha mpira kikiwa kimekunjamana kigeuze upande wa pili, mara nyingi upande huo bado ni bapa. Usichokonoe kiti cha valvu kwa waya, mkwaruzo mmoja hapo hautibiki.

Wakati wa kufunga ganda, rudisha kila skrubu kinyumenyume kwanza mpaka usikie inaangukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikaza moja kwa moja unachimba njia mpya na kinara, yaani kijiguzo cha plastiki kinachoshika skrubu, kinapasuka. Kaza kwa bisibisi ya mkono, simama inapogusa, ongeza robo mzunguko.

#14 – Karakana_Msa

Fundi, na chemba ya presha ikiwa na ufa? Inaungika kwa njia hiihii?

#15 – FundiTupa

Hiyo usiunge. Rodi ikiachia, pampu inakufa tu. Chemba ikiachia, hewa iliyobanwa inarusha vipande karibu na uso wa mtoto aliyeishika. Ufa wa chemba, hata wa urefu wa punje ya mchele, unamaanisha chemba nyingine kutoka bunduki nyingine kuukuu, au basi.

Na wewe Kibuyu77, jaribio la kwanza lifanye mwenyewe nje. Jaza chupa nusu, pampu mara 5, fyatua. Mara 8, fyatua. Kisha mara 10, weka chini dakika tano, uangalie kama kuna tone kwenye kifuniko cha silinda. Pakiwa pakavu, mpe mtoto, na umwekee kikomo cha pampu 10. Kwa hesabu ya chemba yako hapo presha ni kama bar 1.7 na pistoni inabeba karibu kilo 5 na nusu, nusu tu ya ule mzigo wa pampu 12, na maji bado yatafika mbali. Baada ya mchezo afyatue mpaka presha iishe, isihifadhiwe ikiwa imejaa.

#16 – Kibuyu77

Lilikuwa vumbi kweli, chembe mbili nyeupe kwenye kiti cha valvu ya pili. Mkono haurudi tena. Pampu 10, dakika tano, kifuniko kikavu.